Ini Gumu na Ng'ombe Niliowagawa

Wewe uliyeambiwa ini lako lipimwe, na sasa umeketi kwa benchi unangojea jina lako, keti vizuri. Wataita wengine kwanza. Mimi nimekaa kwa hizo benchi mpaka nikajua ni gani iko na msumari. Mimi ni mzee wa Kajiado, shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ndama walikosa mtu, kwa hivyo usitafute hapa maneno ya daktari. Hayo atakwambia mwenyewe. Wewe umsikize mpaka mwisho. Hiyo ya mpaka mwisho ndiyo imenifanya nishike kalamu, na kalamu si kitu nimezoea kushika.

Nilianza kuchoka wakati wa kiangazi. Sasa mtu wa mifugo akisema amechoka wakati wa kiangazi, nani atashangaa? Ng'ombe wenyewe wamechoka. Lakini huu wangu haukuwa uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi ukilala unaisha. Huu nilikuwa nalala nao, naamka nao, na yeye ndiye anaamka mbele yangu. Nikifuata ng'ombe mpaka kwa bwawa naketi juu ya jiwe, wao wanakunywa, wanarudi nyumbani, mimi bado niko pale. Mwili ulianza kuniwasha nikawa najikuna kwa mti kama punda. Mkojo ukawa kama strungi, ile chai isiyo na maziwa. Halafu siku moja Mama Lemayian, bibi yangu, akaniangalia kwa jua akasema, "Macho yako yamekuwa rangi ya samli."

Nikamwambia ni vumbi.

"Vumbi ya wapi hiyo ya manjano?" akauliza.

Watu walisema ni pombe. Kwetu ini na pombe ni mtu na ndugu yake, ukitaja mmoja wanamtafuta mwingine. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniombea, akainama karibu sana na mdomo wangu, nikajua huyu hajaja kuomba, amekuja kunusa. Mama Lemayian akamwambia, "Huyu hata dawa ya kikohozi inamlewesha. Omba uende." Aliomba fupi.

Pale hospitali Kajiado walitoa damu, wakatoa tena, wakaniambia niko na homa ya ini ile wanaita B, na imekaa ndani yangu miaka mingi, pengine tangu utoto, imenyamaza tu kama chatu. Daktari, msichana mdogo lakini mwenye macho ya upole, akaniuliza kama niliwahi kukatwa na kisu kilichokata watu wengine. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Mwanangu, angalia masikio yangu."

Maana sisi wa rika langu masikio yalitobolewa yakavutwa mpaka yakaning'inia, na kisu kilikuwa kimoja, kinapita kutoka kwa mtoto mmoja mpaka kwa mwingine, na sisi tulikuwa tunajipanga kwa furaha kwa sababu mwisho wake kulikuwa na nyama. Sisemi ni hapo iliingia. Hakuna anayejua. Lakini alipouliza ni kama kumuuliza samaki kama aliwahi kunyeshewa.

Akasema bibi na watoto wapimwe. Hiyo kungojea ilikuwa mbaya kuliko yangu mwenyewe. Mama Lemayian alikuwa ananiwekea chakula anasimama mbali, si kwa ubaya, ni vile hakujua asimame wapi. Tuliambiwa sahani na kuketi pamoja hakuna shida, ila wembe na vitu vya damu kila mtu awe na chake. Yeye alipatikana ugonjwa ulimpitia zamani ukatoka wenyewe. Vijana wetu wawili, Lemayian na Saning'o, walikuwa safi, wakadungwa sindano ya kinga. Ukiwa umeketi hapo na hujapeleka wa nyumbani kwako, wapeleke. Hapo sitaki mzaha.

Basi ikabaki kujua ini limefika wapi. Nilidhani watanipasua. Daktari akasema hapana, zamani walikuwa wanadunga sindano ndefu kwa mbavu watoe kipande, na bado kuna wakati inabidi, lakini siku hizi wanaanza na damu wanaipigia hesabu zao, halafu kuna mashine inagonga ini kutoka nje na kusikia kama limekuwa gumu. Mashine iko kwa kliniki moja Kitengela. Nikapewa siku, na siku yenyewe ilikuwa mbali.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu maini, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea.

Miaka mingi nilikuwa nanunua kondoo napeleka soko ya Kiserian. Ukiuzia wachinjaji unazoea kusimama pale wakifungua. Kondoo aliyekula majani ya kinamasi, ini lake linakuwa na minyoo, linakuwa na makovu meupe, gumu kama kiatu cha mvua. Kisu kikipita unasikia krr, krr. Mkaguzi wa nyama hata halishiki mara mbili, analitupa kwa pipa. Na yule kondoo, ukikumbuka, siku alipokuwa anatembea alikuwa amekonda, taya limevimba. Kwa hivyo mimi ini gumu nalijua. Ini gumu ni la pipa. Hiyo ndiyo elimu niliyoenda nayo Kitengela.

Lakini kabla ya Kitengela, ndugu yangu mdogo, Turere, alikuja kuniona. Akanishika mkono hapa juu ambapo nyama ilikuwa imeisha.

"Unaenda kupimwa nguvu ya ini ukiwa hivi?" akasema. "Hata ng'ombe wa kuuza unamnenepesha kwanza."

Ilionekana akili. Akachinja kondoo dume mwenye mkia mzito, tukaingia porini kwa olpul, ile kambi ya nyama ambayo wanaume wetu hupeleka mgonjwa arudishe mwili. Wakanipikia supu ya mifupa na magome ya mti wa olkiloriti na mizizi mingine ambayo Turere peke yake ndiye anaijua, na mafuta ya mkia nikanywa yakiwa moto. Nilitapika nikaambiwa ni uchafu unatoka. Nikanywa tena. Usicheke. Walikuwa wananipenda. Ndugu yako akikushikia kibuyu kwa mikono yote miwili, wewe utamwambia nini?

Asubuhi ya kwenda Kitengela nilikunywa supu ya mwisho, Saning'o akanipeleka. Saning'o ni kitinda mimba wetu, ndiye anakaa na sisi nyumbani. Lemayian, yule mkubwa, yuko na duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo Kitengela.

Kwa benchi nilipata mama mmoja Mkamba, Mama Mutheu, anauza mitumba. Alikuwa amejifunika leso mpaka kichwani na tumbo lake linalia tukisikia sisi wote.

"Mzee wa ng'ombe," akaniambia, "nikianguka hapa waambie wanipikie muthokoi yetu ya mahindi ndiyo wanizike. Wamesema tusile. Wewe umekula?"

"Kula, hapana," nikasema. "Nilikunywa supu tu."

"Supu ya nini?"

"Ya kondoo. Na mafuta kidogo."

Akafungua leso aniangalie vizuri. "Uui! Kondoo mzima amelala ndani ya tumbo na unasema hujala! Hiyo ulifikiri ni maji ya kuoga? Waambie!"

Sikuwaambia. Yule wa kwa mlango aliniuliza kama nimekula nikasema sijala, na moyoni sikuona nimedanganya, kwa sababu kwetu chakula ni kitu umeketi nacho, supu unapita nayo.

Kupimwa kwenyewe si kitu. Hapo nikuondolee hofu kabisa. Unalala chali, mkono wa kulia unaweka nyuma ya kichwa kama mtu anapumzika chini ya mti. Wanakupaka kitu baridi kwa mbavu, baridi mpaka unaita jina la mama yako. Halafu kifaa kinakugonga kidogo, kinagonga tena, kama kidole cha mtu anayebisha na hataki kuamsha watoto. Hakuna damu. Nililala pale naangalia dari nikafikiri, miaka yote ile kujua ini ilikuwa lazima mnyama afe kwanza. Mimi napimwa na bado niko na viatu.

Daktari wangu wa Kajiado ndiye alinisomea majibu nilipomrudia. Saning'o alikuwa amebaki nje, mtu wa mbuzi amempigia simu. Daktari akasema, "Baba, hii namba iko juu. Inaonyesha ini ni gumu sana."

Baada ya hapo nilikuwa naona mdomo wake unasonga. Sauti ilikuwa inaingia kwa sikio lakini haipati mahali pa kuketi. Alisema mambo mengi. Alinipa tembe za kumeza kila siku, akanionyesha jinsi, akaandika siku ya kurudi. Mimi nilikuwa Kiserian. Nilikuwa nasikia krr, krr.

Saning'o akauliza, "Papa, wamesema nini?"

"Wamesema ni gumu."

Hakuuliza tena. Na yeye amewahi kusimama Kiserian.

Sasa, baba yangu alipokufa hakuwa amegawa. Sisi ndugu tulipigana rungu kabla nyasi haijaota kwa kaburi, na kuna mmoja mpaka leo hatusalimiani. Nilijiambia vijana wangu hawatapitia hiyo. Desturi yetu, mzee hugawa kidogo kidogo na anabaki na wake wa kutosha mpaka siku yake. Mimi nikagawa wote.

Niliita ndugu, nikaita vijana, tukaketi asubuhi kwa zizi kabla ng'ombe hawajatoka. Nikaita mmoja mmoja kwa jina na rangi, huyu wa Lemayian, huyu wa Saning'o. Lemayian alikuwa amekuja na viatu vya mjini, anajaribu kusema.

"Papa, lakini daktari alisema muda gani? Tungemuuliza tena."

"Wewe unauliza baba yako atakufa lini?"

Akarudi nyuma. Ningekuwa yeye ningerudi pia.

Mama Lemayian alikuwa amesimama kwa mlango wa zizi na kibuyu mkononi. Akasema, na mwanamke kwetu hasemi katikati ya maneno kama hayo, akasema, "Baba Lemayian, kuna mtu umeniuliza mimi? Hayo maziwa unagawa ni ya nani?"

Turere akamwambia anyamaze, mtu mgonjwa anaongea. Mama Lemayian akageuka akaenda zake. Nikawapaka vijana maziwa, nikawatemea mate ya baraka, nikamaliza. Nilijisikia mwepesi. Nikarudi nyumbani, nikalala, nikangoja kufa.

Sikufa.

Hujui aibu mpaka umewaaga watu na kesho yake wanakukuta unaota jua. Jirani alikuwa anakuja kuniangalia kwa heshima, anakaa, anaondoka. Mwezi mwingine anakuja tena, heshima imepungua. Nilikuwa nameza tembe kwa sababu Mama Lemayian alikuwa ananisimamia, haongei, ananyoosha mkono tu na maji. Mizizi ya Turere aliitupa kwa mto mkavu. Alikuwa ameenda mwenyewe kuuliza hospitali, wakamwambia mizizi iachwe, na hakuniambia lingine lolote kwa sababu alikuwa hasemi na mimi.

Mvua ndefu zilikuja. Nyasi ikatoka mpaka kwa barabara. Kuwasha kukaisha. Siku moja nikajikuta nimefika bwawa na kurudi na sijatafuta jiwe. Ningefurahi, lakini nilikuwa nimefuata ng'ombe wa mwanangu, kama kibarua. Lemayian alikuwa ameuza wake wengi akaongeza duka. Simlaumu. Mali ukimpa mtu na baraka ukamwekea juu, huna mdomo tena. Wale wa Saning'o walikuwa pale pale kwa zizi langu, lakini zizi halikuwa langu. Bibi yake, msichana mzuri kabisa, ndiye alikuwa anakamua.

Na kila asubuhi Mama Lemayian, ambaye amekamua ng'ombe wake mwenyewe tangu aolewe, alikuwa anavuka uwanja kwenda kwa mlango wa mke wa mwanawe kuomba maziwa ya chai. Anapewa. Anapewa na mikono miwili. Lakini nilikuwa nikimwona akivuka, naangalia chini. Ugonjwa wangu wote, kuwasha, macho, kutapika, sijawahi kuumwa kama vile nilikuwa naumwa na huo uwanja mdogo.

Tulirudi Kitengela mvua zikiisha. Safari hii nilikuwa na njaa ya kweli, sijagusa hata maji ya supu. Nilitafuta Mama Mutheu kwa benchi sikumwona, na naomba popote alipo awe anakula muthokoi. Nikalala chali, baridi, wakanigonga. Tulipopeleka majibu Kajiado, Saning'o nilimwambia aingie na mimi kwa daktari, azime simu.

Daktari aliangalia karatasi, akaangalia macho yangu, akatabasamu. "Namba imeshuka, baba. Makovu yako, siwezi kukuficha. Lakini hujafika kule mwisho. Ile ya kwanza ini lako lilikuwa limewaka, limefura, na ini likifura linaonekana gumu kuliko vile liko. Ndiyo maana nilikwambia tumeze dawa kwanza tupime tena."

"Uliniambia?"

"Baba, nilikwambia mara mbili. Nikakwambia ile namba tusiishike sana. Na siku ile ulikuwa umekula?"

Nikamwambia kuhusu supu, na olpul, na magome. Alifunika uso na mkono, akasema hata chakula kinapandisha ile namba. Saning'o alikuwa anaangalia viatu.

"Sasa utaishi," akasema. "Tembe kila siku, usikose, tutakuwa tunakupima. Mbona huna furaha?"

Nikasema, "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe gani?"

Saning'o ndiye alimweleza.

Kwa hivyo wewe wa benchi, ukiitwa, ingia na mtu. Mmoja akishtuka mwingine asikie. Waulize kama hiyo namba ni ya mwisho ama kuna ingine inakuja. Waambie umekula nini, na umekunywa nini, na mizizi ya ndugu yako pia, hata kama ni ya upendo. Na usigawe kitu chochote siku umetoka hospitali. Ngoja hata uchoke kungoja.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Mama Lemayian ini si baya sana. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akasema, "Mungu asifiwe." Akapepeta. Kisha akasema, "Na hilo ini zuri utalilisha nini?" Hayo yalikuwa maneno yake marefu zaidi kwangu tangu siku ya zizi.

Ng'ombe hawawezi kurudishwa. Saning'o alijua, mimi nilijua. Ukichukua kitu ulichobariki umekula baraka ya mwanao, na hiyo inaua kuliko ini. Lakini kuna njia ingine kwetu. Mtu yeyote anaweza kumpa mtu yeyote mnyama kwa mapenzi, na tangu siku hiyo hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Pakiteng', kwa sababu ya huyo ng'ombe aliyepita kati yao.

Jioni ile Saning'o alitoa ng'ombe mwekundu na ndama wake, akavuka uwanja. Nilidhani anakuja kwangu, nikasimama, nikakohoa nipate sauti. Alinipita. Akamfunga kwa mlango wa mama yake.

"Yeyo," akamwambia mama yake, "huyu si wa kurudishwa. Ni wangu, na mimi ndiye nakupa wewe. Papa hayuko ndani ya haya maneno."

Mama Lemayian aliweka ungo chini. Akamwangalia ng'ombe, akamwangalia kijana. "Pakiteng'," akamwita.

"Pakiteng'," akajibu, na alikuwa anacheka na macho yamejaa.

Sasa hivi kwangu nyumbani kuna watu wawili wanaitana jina ambalo mimi simo. Nameza tembe yangu jioni, nachoka mapema, mwaka ujao nitaenda kugongwa tena. Ile asubuhi ya kwanza nilimkuta Mama Lemayian amechuchumaa chini ya yule mwekundu anakamua, povu limejaa kibuyu. Nikasimama karibu. Hakugeuka. Aliendelea kukamua, halafu akasema kutoka kule chini ya tumbo la ng'ombe:

"Huyu usimgawe."